Kabla ya kuuliza kama pedi ni ngumu

Wateja wengi wakinunua pedi za breki huuliza kama ni ngumu na kama zitadumu. Mimi kazi yangu ni kupima vifaa vya msuguano, na natamani swali la kwanza liwe: zikipata moto zinashikaje?

Gari la kilo 1,500 likisimama kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, breki hubeba nishati ya takriban kilojuli 580, karibu yote ikiwa joto. Kwenye mwendo wa 50, nishati hiyo ni robo tu. Ndiyo maana pedi inayotosha kabisa kwenye foleni za Dar es Salaam inaweza kuzidiwa ukishuka mteremko mkali wa mlima Kitonga na mzigo.

Kinachozidiwa ni gundi. Katika pedi nyingi, nyuzi, unga wa madini na grafiti hushikanishwa kwa gundi ya fenoli. Joto likipita kiasi, gundi huungua na kutoa gesi, msuguano hushuka. Dereva anakanyaga pedali, iko ngumu kama kawaida, lakini gari halishiki. (Pedali ikizama hadi chini, shuku mafuta ya breki yaliyochemka.)

Pedi za organiki, ambazo nyuzi zake kwa kawaida si za chuma, ni laini, hazipigi kelele wala haziumizi diski, ila huzidiwa mapema. Zenye nyuzi nyingi za chuma huvumilia joto zaidi, lakini hulipitisha hadi kwenye kaliper (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), hula diski, na zikiwa baridi zinaweza kushika kwa uvivu. Seramiki ni tulivu na vumbi lake halichafui sana rimu. Bei ndiyo iko juu. Kwa pikapu ya mizigo ningefunga zenye chuma bila kusita.

Tazama ubavuni mwa pedi, mara nyingi utakuta herufi mbili. Ya kwanza ni kiwango cha msuguano katika joto la kawaida, ya pili ni pedi ikiwa imepata moto sana. E ni 0.25 hadi 0.35, F huishia 0.45, G huishia 0.55. Pedi ya FE hulegea ikichemka. FF hubaki kwenye kundi lake. Herufi hizo hazisemi lolote kuhusu kudumu.

Na nyie mafundi, tafadhali msipulize vumbi la breki kwa kompresa. Breki shuu za zamani zinaweza kuwa na asbestosi, ambayo nyuzi zake zikivutwa husababisha saratani ya mapafu. Lowesheni kwanza, kisha mfute kwa kitambaa chenye maji.