Asilimia ya tenda peke yake haimpi mtu kazi

Watu wengi wakisikia serikali imeweka asilimia ya tenda kwa biashara za akina mama na za jamii za wachache wanadhani mambo yameisha, kumbe ndo kwanza yanaanza. Sisi tunaoshughulika na manunuzi ya umma tunasema kila siku, soma masharti ya tenda yenyewe, huko ndo mtu anapopatia au anapokosea.

Chukua Atlanta, Marekani. Maynard Jackson alichaguliwa meya 1973, mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo, na wakati huo kampuni za weusi zilikuwa hazipati hata asilimia 1 ya tenda za jiji. Ulipofika mradi wa kupanua uwanja wa ndege akakaza, asilimia 25 iende kwa kampuni za wachache, na kampuni kubwa zikitaka kazi ziungane na ndogo waifanye pamoja. Wenye hela walilalamika sana, ila jengo jipya la abiria likafunguliwa 1980. Mimi naona siri ilikuwa pale kwenye kuungana, maana mdogo alitoka na rekodi ya kazi kubwa, na rekodi ndo kila ofisi inaulizia.

Jiji la Richmond, hukohuko Marekani, nao wakaweka asilimia 30 lakini Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta 1989, ikasema jiji halijaonyesha ushahidi wa ubaguzi kwenye tenda zake. Tangu hapo miji mingi inafanya utafiti kwanza, kampuni zenye uwezo ni ngapi alafu zinapata hela kiasi gani. Serikali kuu ya Marekani nayo ililenga asilimia 5 kwa biashara za wanawake kwa sheria ya 1994, na lengo likafikiwa mara ya kwanza 2015, yaani miaka ishirini na zaidi!

Sasa angalia inavyokuwa kwa mama mwenye kampuni ya usafi. Tenda inatoka moja kwa majengo ishirini, anatakiwa awe na mauzo makubwa ya miaka mitatu, na dhamana ya benki, yaani benki iahidi kulipa akishindwa kazi, benki nayo inataka rekodi ya tenda alizowahi kufanya, ambazo hajawahi kupewa. Akiishia kuchukua kipande chini ya mkandarasi mkubwa, vibarua wake wanadai kila wiki ila yeye analipwa baada ya mkubwa kulipwa, miezi miwili imepita, anakopa kwa riba mpaka faida yote inaliwa. Huyu kwenye ripoti anahesabika kama amenufaika, na inauma kweli.

Kwa hiyo mabadiliko yenye faida ni ya kawaida kabisa, gawa tenda kwa jengo au kwa eneo, punguza dhamana kwa kazi ndogo, toa malipo ya awali, mlazimishe mkandarasi mkubwa amlipe mdogo ndani ya siku chache akishapokea hela. Na wakaguzi waende saiti, sababu kuna wanaume wanaandikisha kampuni kwa jina la mke au dada ambaye hata hajui tenda ni ya nini, hao wanakula nafasi ya wengine.

Kama uko kwenye chama cha wafanyabiashara, ukiomba taarifa usiridhike na orodha ya walioshinda tenda, omba ya waliolipwa, wamelipwa kiasi gani na baada ya siku ngapi.