Kitoweo kwanza: kula kabla na baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Sahani yetu imejengwa juu ya wanga. Ugali au wali ndio chakula. Samaki, nyama na maharage ni kitoweo, kitu cha kulia ugali. Ukishafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, mpangilio huo unapinduka. Kitoweo ndicho chakula. Kati ya yote ninayowafundisha wagonjwa, hili ndilo linalochelewa kuzama, na ndilo linalowaumiza wengi miezi ya kwanza.

Mtaani watu husema "kukata utumbo", na jina hilo linachanganya. Kwenye aina ya upasuaji iitwayo slivu utumbo hauguswi: daktari huondoa robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, ukabaki mrija mwembamba uliopinda kama ndizi. Kwenye aina nyingine, baipasi, hutengenezwa kifuko cha mililita 30 hivi, kisha utumbo mwembamba huunganishwa nacho ili chakula kiruke sehemu ya mwanzo ya utumbo. Sehemu inayorukwa ndiyo inayofyonza kwa wingi madini ya chuma na kalsiamu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ule nini, jua umefanyiwa upasuaji upi.

Wiki mbili za kabla zina kazi moja kubwa: kusinyaza ini. Upande wa kushoto wa ini umelala juu ya mfuko wa chakula, na daktari anayefanya kazi kupitia matundu madogo lazima auinue. Ini lililojaa mafuta ni zito na huchanika kirahisi; likiwa kubwa mno, upasuaji unaweza kuahirishwa mgonjwa akiwa tayari mezani. Wanga wa akiba kwenye ini hukaa pamoja na maji, gramu 1 kwa gramu 3 hivi, ndiyo maana ukikata wanga ini hupungua ndani ya siku chache. Lengo la kawaida ni kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, na wanga usiozidi gramu 100. Kwa mezani kwetu: mayai mawili ya kuchemsha na chai ya rangi bila sukari asubuhi, samaki wa ukubwa wa kiganja na mchicha wa kutosha mchana, glasi ya mtindi usio na sukari alasiri, kuku asiye na ngozi na kabichi usiku. Ugali, wali, chapati, viazi, ndizi za kupika, uji na juisi vinakaa pembeni.

Ile karamu ya kuagana na pilau siku mbili kabla ya upasuaji naichukia kwa dhati. Inajaza tena ini lote ulilolisinyaza. Na kama una kisukari, usianze mlo huu kabla daktari hajapunguza insulini, glibenklamidi au gliklazidi yako, maana sukari itashuka kwa hatari.

Baada ya upasuaji, mshono unahitaji muda. Vimiminika tu hadi mwisho wa wiki ya 2. Vya kusagwa laini wiki ya 3 na ya 4. Vinavyopondeka kwa uma wiki ya 5 na ya 6. Kisha unarudi taratibu kwenye chakula cha kawaida. Timu za upasuaji hutofautiana kwa siku kadhaa, fuata ratiba ya timu yako.

Maji ndiyo yanayorudisha watu hospitali mapema. Huwezi tena kubugia glasi nzima. Chukua kikombe kidogo cha kahawa, kile cha wauza kahawa wa mwambao, chenye mililita 50 hivi. Kikombe kimoja kwa mafunda madogo kila robo saa, kwa saa 8, ni lita 1.6, na shabaha yako ni lita 1.5 au zaidi. Siku mbili tatu za mwanzo nusu kikombe kinatosha kwa kila mara, ila endelea mpaka usiku. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa.

Protini inayotakiwa ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, na hapa ndipo mapenzi ya ndugu hupotosha. Shangazi analeta uji mgonjwa apate nguvu. Kikombe cha uji wa sembe uliopikwa kwa maji kina gramu 2 tu. Supu ya mifupa nayo inasifiwa sana, lakini humpa mgonjwa maji na chumvi zaidi kuliko protini ya kujenga misuli. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8. Koroga humo vijiko vitatu vya mezani vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, inafika 17 hivi, na glasi nne za namna hiyo zimekutosha siku nzima. Maziwa yakikuletea gesi, jaribu mtindi.

Ukifika hatua ya kusagwa, dagaa ni hazina. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto, chemsha mpaka walainike, saga na nyanya iwe rojo. Maharage yasage kisha yachuje maganda. Pakua vijiko vinne vya mezani kwenye kisahani cha chai, kula kwa kijiko cha chai kwa dakika 20, kitoweo kikiisha ndipo uguse mboga. Usinywe chochote wakati wa kula, wala nusu saa baada yake.

Ugali una tabia yake. Unashikana, na sisi tumezoea kumeza tonge bila kulitafuna. Likifika kwenye mrija mwembamba linakaa kama kizibo: kifua kinabana katikati, mate yanajaa mdomoni, linapanda povu jeupe zito, kisha tonge lenyewe linarudi. Hapo watu hukimbilia maji ya kushushia, na maji yanakaa juu ya kizibo na kuongeza maumivu. Simama, tembea, usiongeze kitu mpaka lipite. Chapati na mkate mpya hufanya vivyo hivyo. Mimi huomba ugali usubiri hadi mwezi wa 3 baada ya upasuaji, na uanze na tonge la ukubwa wa korosho, likitafunwa kweli.

Andazi lililochovywa kwenye chai, biskuti na aisikrimu havikwami kabisa. Vinateleza, havishibishi, na ndivyo vinavyorudisha kilo polepole. Aliyefanyiwa baipasi akinywa soda au juisi ya miwa, ndani ya nusu saa anaweza kutokwa jasho, moyo kwenda mbio na tumbo kukata. Saa 1 hadi 3 baadaye sukari inaweza kushuka na kumtetemesha.

Vidonge ni vya maisha: multivitamini, vitamini D, B12 na kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 zikigawanywa mara mbili au tatu. Kalsiamu ya sitreti hufyonzwa vizuri hata asidi ya tumboni ikiwa kidogo. Wanawake wanaopata hedhi wanahitaji chuma miligramu 45 hadi 60 kwa siku; kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi cha 65 hivi. Kitenganishe na kalsiamu kwa saa 2, wala usikimeze na chai, kwani chai huzuia chuma kufyonzwa.

Kwa wanaofunga Ramadhani: mwaka wa kwanza nashauri usifunge. Lita 1.5 kwa mafunda madogo haiingii kati ya futari na daku pamoja na chakula na usingizi.

Kutapika kila siku kwa zaidi ya siku 2 au 3 ni dharura. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ndogo na huisha upesi. Ikiisha, macho huona vitu viwiliviwili, mwendo unayumba, akili inachanganyikiwa, na madhara yanaweza kubaki. Nenda hospitali, mwambie daktari wa zamu aina ya upasuaji uliofanyiwa, na omba sindano ya vitamini B1 itangulie dripu ya glukosi.