Usiku niliodhani nimepiga picha ya aurora Msimbati

Wiki ile ya Mei 2024 huku Kusini kila mtu alikuwa na neno dhoruba mdomoni. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kiliingia pwani, mvua ikakata barabara ya Dar es Salaam kule Kilwa, malori yakalala njiani. Tope halijakauka, Ijumaa tarehe 10 simu zikaanza kupitisha ujumbe mwingine: dhoruba kubwa ya Jua inafika usiku. Mjomba mmoja mvuvi wa Msimbati, pwani ya Mtwara, ambaye hunitunzia vyombo nikienda kupiga picha za nyota, akanipigia kuuliza: "Injinia, hiyo nayo inakuja na upepo wa wapi?"

Nikamjibu haina upepo. Jibu lenyewe halikuwa kweli tupu, maana wataalamu huuita ule mtiririko wa chembe zinazotoka kwenye Jua "upepo wa Jua". Ila ngalawa haupindui.

Mimi ni mpima ardhi. Mchana nipo na bezi na rova (vipokezi vya setilaiti: kimoja hukaa mahali pamoja, kingine natembea nacho) na bikoni za mipaka kwenye mashamba ya korosho ya Newala na Tandahimba. Usiku usio na mwezi nipo ufukweni na kamera. Kwa hiyo dhoruba ile ilinihusu mara mbili: huvuruga setilaiti ninazopimia, na huwasha aurora, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku karibu na ncha za Dunia.

Chanzo chake kilikuwa kundi la madoa ya Jua lililopewa namba 13664, pana kiasi cha Dunia 15 zikipangwa mstari mmoja. Lilitema mawingu ya plazima, yaani gesi iliyochajika, mfululizo, lingine likifukuza lililotangulia, na yote yakiwa na sumaku yake ndani. Wimbi la kwanza lilitugonga yapata saa 2 usiku kwa saa zetu. Wamarekani, ambao hupima dhoruba hizi kwa ngazi ya G1 hadi G5, wakatangaza G5, ya kwanza tangu Oktoba 2003.

Nilikuwa Msimbati tangu saa 1. Mwezi ulikuwa umeandama siku mbili tu nyuma, ukazama mapema, giza likawa la kutosha. Nikasimamisha stendi kwenye mchanga mgumu, lenzi ya milimita 20 ikitazama kusini, upande wa mdomo wa Ruvuma. Saa 3 na nusu, zile nyota za Msalaba wa Kusini zikiwa zimesimama wima, nikafungua kamera sekunde 20. Kwenye skrini nikaona mambo mawili: ukijani hafifu umetanda anga zima, na chini kabisa, juu ya mikoko, utepe mwekundu.

Nilipiga kelele peke yangu. Nikaituma kwa rafiki yangu wa Lindi mjini nikaandika "Aurora imefika Mtwara." Kabla sijafika nyumbani alishaituma kwenye makundi matatu.

Kulipokucha nikaanza kuipima ile picha kama ninavyopima shamba, na furaha ikaanza kupungua.

Anayerudi kutoka baharini huona kwanza vichwa vya minazi, mapaa ya nyumba baadaye, kwa sababu bahari imebinuka. Aurora nayo ina urefu wake, kwa hiyo inapimika hivyo hivyo. Chukua kipenyo cha Dunia, kilomita 12,742, zidisha kwa urefu wa kitu angani, kisha tafuta kipeuo cha pili: hapo unapata umbali ambao kitu hicho ndiyo kwanza kinachungulia kwenye upeo wako. Ukijani wa aurora hukaa kwenye kilomita 100 hivi kwenda juu kidogo. Ukiwa kilomita 100, jibu ni kilomita 1,130. Maana yake, ili mtu wa Mtwara auone ukingoni kabisa mwa macho yake, lazima uwe unawaka juu ya latitudo ya Beira. Wekundu hupanda juu zaidi, tuseme kilomita 400. Jibu ni kilomita 2,260, yaani juu ya latitudo ya Durban. Na hapo bado ni kugusa upeo tu, mahali ambapo ukungu wa bahari hula mwanga wote.

Usiku ule watu wa Afrika Kusini waliipiga picha kweli, hata huko Hermanus ambako wana kituo cha kupima sumaku ya Dunia. Lakini wao wenyewe waliiona chini, upande wa kusini, juu ya bahari. Kama ilikuwa inawachungulia wao kwa mbali, ilikuwa juu ya bahari ya kusini kabisa, karibu na barafu. Sisi tusingeiona hata tukipanda mnara wa simu.

Sasa ule wekundu wangu ulikuwa nini? Msalaba wa Kusini ukiwa wima, mti wake mrefu unashuka moja kwa moja kuelekea kusini ya kweli, na ncha ya anga ya kusini, nukta ambayo nyota za kusini huizunguka, kwetu iko nyuzi 10 tu juu ya upeo. Kwa hiyo picha ilikuwa na dira ndani yake. Nikahesabu kutoka hapo: katikati ya utepe palikuwa nyuzi 170 hivi za dira, ambapo kusini kamili ni 180. Nikalaza rula kwenye ramani kutoka Msimbati kwa uelekeo huo. Ikavuka Ruvuma, ikaenda kuangukia Palma na rasi ya Afungi, Msumbiji, kilomita 50 hivi, kwenye eneo la mradi wa gesi. Mwezi ulipoandama tena Juni nilirudi pale pale, lenzi ile ile. Utepe ulikuwepo, haujasogea hata unywele. Aurora haikai mahali pamoja mwezi mzima ikikusubiri.

Nilipomwonyesha mjomba, hakuhitaji rula. "Hizo si taa za Msumbiji? Sisi usiku tunaijua Ruvuma ilipo kwa hizo."

Masahihisho yangu niliyatuma Lindi siku hiyo hiyo. Sijaona kundi lililoyasambaza.

Ule ukijani, kwa upande mwingine, haukuwa wa taa. Huo ni mng'ao wa angahewa yenyewe. Mchana Jua huvunja molekuli za oksijeni huko juu. Usiku vipande hurudiana, na nguvu inayobaki hutoka kama mwanga. Ni oksijeni ile ile inayotoa ukijani wa aurora, rangi ile ile kabisa, kwenye kilomita karibu 100. Tofauti ni nani aliyeichokoza. Kwenye aurora ni elektroni zinazoshuka kwa kasi kufuata mistari ya sumaku kuelekea maeneo ya karibu na ncha za Dunia. Kwetu ni nguvu ya Jua la mchana inayolipwa polepole usiku kucha. Mng'ao huu upo kila usiku, dhoruba iwepo isiwepo, na kwa macho hauonekani kama rangi. Kamera hukusanya kwa sekunde 20 kile ambacho jicho hukitupa.

Kwa nini wekundu uko juu na ukijani chini? Chembe ya oksijeni ikichokozwa ili itoe ukijani, huutoa ndani ya sekunde moja. Ikitakiwa itoe wekundu, huchukua karibu dakika mbili. Chini hewa ni nzito, chembe inagongwa na jirani zake kabla muda huo haujaisha, na nguvu inapotea bila mwanga. Juu ya kilomita 200 majirani ni wachache, ndipo inapata nafasi ya kumaliza. Ndiyo maana wanaoiona aurora kwa mbali huona wekundu mtupu: ukijani umefichwa na mbinuko wa Dunia. Utepe wangu mwekundu, kusema haki, ulikuwa na rangi sahihi. Ndiyo ulionidanganya.

Sisemi haiwezekani kabisa. Tarehe 4 Februari 1872 aurora ilionekana Bombay na Khartoum, na Khartoum kwa hesabu za sumaku haiko mbali na ikweta kuliko sisi. Ikweta ya sumaku, ikumbukwe, haipiti Kenya na Uganda kama ile ya kwenye ramani. Huku Afrika Mashariki inapita Ethiopia. Dhoruba ya kuileta aurora Mtwara ipo kwenye kumbukumbu. Ya Mei 2024 haikuwa hiyo.

Jumapili tarehe 12 intaneti ikadorora nchi nzima, na watu wakaunganisha: ni lile Jua. Hapana. Nyaya za chini ya bahari zilikatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Bahati mbaya ya kalenda, basi.

Dhoruba yenyewe hugusa kazi zetu kwa mlango mwingine. Mawimbi ya setilaiti hupita kwenye ayonosfia, tabaka la hewa iliyochajika, na hucheleweshwa humo. Siku ya kawaida ucheleweshaji huo kwenye bezi na rova iliyo karibu hufanana, kwa hiyo unafutika, unapata fiksi, yaani jibu lililotulia, ya sentimita mbili. Siku ya dhoruba ayonosfia inakuwa kama bahari ya kusi: hapa imeinuka, pale imezama. Bezi inaona kitu kingine na rova kitu kingine. Huko Marekani wakulima wenye matrekta yanayoongozwa na setilaiti walisimama katikati ya msimu wa kupanda wiki ile ile. Mimi Jumamosi nilikuwa na kazi Tandahimba. Risiva ilikaa floti, yaani jibu likielea bila kutulia, ikapata fiksi, ikaipoteza; nikarudia alama moja ninayoijua, ikanipa jibu tofauti. Nikafunga vyombo. Mwenye shamba alinuna, na ana haki yake, alishalipa vibarua wa kufyeka mpaka. Lakini bikoni ikishasimikwa nusu mita ndani ya korosho za jirani, hiyo kesi itawarithi wajukuu kwenye baraza la ardhi.

Ushauri wangu kwa wapima wenzangu ni mfupi: siku hizo anza na alama unayoijua, sogeza bezi karibu, na rudia pointi baada ya saa kadhaa. Na hata bila dhoruba, jioni za Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, baada tu ya Jua kuzama, ayonosfia ya ukanda huu hupata mapovu yanayotikisa mawimbi ya setilaiti. Usilaumu risiva kabla hujatazama saa.

Wanaopenda picha wananiuliza mipangilio. Mwenye ndugu anayesoma Norway au Ufini amwambie hivi: lenzi pana iliyofunguliwa mpaka f/2.8, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) kati ya 1600 na 3200, sekunde 5 hadi 15. Aurora ikianza kucheza kwa kasi, ashuke sekunde 2 au 3, la sivyo mapazia yote yatageuka uji. Fokasi aiweke kwa mkono kwenye nyota angavu, na ahifadhi faili ghafi, si JPEG peke yake. Ayape macho dakika 20 gizani bila kugusa simu.

Kwa Msimbati au fukwe za Lindi, kuupata mng'ao wa angahewa, panda ISO 3200 hadi 6400 na sekunde 20 mpaka 25. Adui hapa ni umande wenye chumvi: kila dakika kumi paka mwanga wa tochi nyekundu kwenye kioo cha lenzi, utaona umeshatanda. Mimi huzungushia lenzi kipande cha kanga kuukuu na kufuta kwa kitambaa kilichochovywa maji baridi ya kunywa, kisha kikavu. Mchanga ukiingia kwenye miguu ya stendi, umeshaununua.

Na ukitumiwa picha ya aurora juu ya minazi ikisemwa ni Mtwara, tazama nyota. Kama Dubu Mkubwa, kundi la nyota za kaskazini, amesimama juu kabisa ya anga, hiyo minazi imebandikwa. Kwetu yeye hupita chini, upande wa kaskazini, kichwa chini miguu juu. Kama ni anga letu kweli na kuna wekundu kusini, tafuta Msalaba, hesabu nyuzi, kisha muulize mvuvi.