Je, wajua kwa nini mzee mwenye paka au kuku huchangamka?

Mama yangu mkubwa anaishi Magomeni, nyumba ya uani ya zamani, na umri wake umeshavuka miaka 70. Kila alfajiri akishaswali hujifunga kanga, akatoka na kibakuli cha plastiki na kukaa kwenye kigoda. Hapo huchambua dagaa mmoja mmoja: mifupa huitupa, nyama huilowesha kwenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu paka wake naye amezeeka na meno ya mbele hana. Wanawe wamemwambia mara nyingi, "Mama, wewe sasa pumzika." Naye huwajibu vilevile kila siku: "Nikipumzika mimi, huyu atakula nini?"

Watu wengi wakiulizwa kwa nini mnyama humfaa mzee, husema anamliwaza. Ni kweli. Ukimpapasa paka taratibu, pumzi hutulia na misuli hulegea. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, waliwapima wanafunzi mate baada ya kukaa na paka na mbwa kwa dakika 10 tu, wakakuta kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo, imeshuka. Mzee mwenye presha anahitaji utulivu wa namna hiyo kuliko mwanafunzi. Lakini kama siri yote ingekuwa manyoya laini, basi habari ya nyenje isingewezekana.

Nyenje ni wale wadudu wanaolia usiku majanini. Mwaka 2016, watafiti wa Korea Kusini walieleza jinsi walivyowagawa wazee makundi mawili. Kundi moja lilipewa ushauri wa afya peke yake. Kundi la pili lilipata ushauri huohuo, na juu yake kila mzee akapewa nyenje watano ndani ya kizimba, awalishe kwa wiki 8. Nyenje hapakatwi, haji ukimwita, wala hakujui. Hata hivyo, muda ulipokwisha, wale wafugaji wa nyenje walikuwa wamepungukiwa na dalili za sonona kuliko wenzao. Kilichowasaidia, ninavyoona mimi, ni kwamba asubuhi kulikuwa na kiumbe kinachowasubiri wao.

Daktari mmoja wa Marekani, Bill Thomas, alikuwa ameliona hilo zamani. Mwaka 1991 alifanya kazi kwenye makao ya wazee katika mji mdogo wa New Berlin, jimbo la New York. Wazee walilishwa, walioshwa, walipewa dawa kwa wakati, na bado walikuwa wananyauka. Akasema wanasumbuliwa na mambo matatu: upweke, kukosa la kufanya, na kujiona hawana uwezo wa lolote. Akaingiza mbwa wawili, paka wanne na ndege 100. Wazee waliokuwa hawasemi wakaanza kusema, waliokuwa hawatoki kitandani wakaomba kumtembeza mbwa. Matumizi ya dawa yakapungua, hasa zile za kuwatuliza wanaohangaika.

Sasa tuje kwetu Dar. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee akifika miaka 60, umri huohuo ambao mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima. Baba anarudi nyumbani na begi lake, kesho yake hana pa kwenda. Au mama anatolewa Lindi au Handeni aje "apumzike" kwa mwanawe Goba au Kibada. Anakuta nyumba nzuri, geti, marumaru, na dada wa kazi anayemnyang'anya hata ufagio kwa heshima: "Acha bibi, nitafagia mimi." Kijijini alikuwa na kuku 20 na mbuzi wawili, na jioni akihesabu anajua kabisa yupi hajarudi. Hapa kazi yake ni kuangalia televisheni mpaka mwanawe atoke kazini, naye foleni imemshika. Tunafanya hivyo kwa mapenzi, mimi nikiwemo. Lakini tunamwondolea kila kitu kilichokuwa kinamhitaji, kisha tunashangaa mbona mama amekuwa mnyonge ghafla.

Mnyama pia huleta watu. Hili sikulijua mpaka nilipokaa wiki moja Magomeni. Panya mjini wamezidi, hivyo paka jike yeyote akizaa habari husambaa mtaa mzima. Kwa mama mkubwa, paka wake alipokuwa amezaa, nilihesabu wageni wanne kwa siku mbili, wote wakitaka paka mdogo: muuza mchele, fundi cherehani, kijana wa duka la jumla, na mama mmoja kutoka mtaa wa pili aliyekaa hadi adhana ya magharibi akipiga soga. Hakuna aliyekuja "kumjulia hali mgonjwa". Walikuja kumwomba kitu alichonacho, na nilimwona anavyojiweka sawa kwenye mkeka kila hodi ilipobishwa.

Kuna takwimu za moyo pia. Mwaka 1980, Erika Friedmann na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa mwaka mmoja wagonjwa 92 wa moyo nchini Marekani. Kati ya 53 waliokuwa na mnyama nyumbani walifariki 3. Kati ya 39 wasio na mnyama walifariki 11. Tusiruke hapo tukasema paka anatibu moyo: huenda waliojiweza kufuga ndio waliokuwa na nguvu zaidi tangu mwanzo, na tafiti za baadaye hazikukubaliana zote. Vidonge vya presha viendelee kumezwa.

Mnyama gani, basi? Mbwa anamtoa mzee nje atembee, lakini nyumba nyingi za Waislamu wa Pwani hazimweki ndani kwa sababu ya najisi ya mate yake, na mbwa mwenye nguvu humwangusha mzee. Marekani imekadiriwa kuwa watu zaidi ya 86,000 kwa mwaka huumia kwa kuanguka kunakohusiana na mbwa au paka, kwa hiyo hata paka anayejipitisha miguuni gizani si wa kupuuzwa. Weka taa ya usiku njia ya chooni. Ukifuga mbwa au paka, apate chanjo ya kichaa kila mwaka. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Kinyesi cha paka asikiguse mjamzito.

Kwa mama aliyetoka kijijini, mimi ningeanza na kuku wa kienyeji watano na jogoo mmoja, kama uwanja unaruhusu. Wanaijua sauti yake, anapata mayai ya kumpa mjukuu, na ana sababu ya kuinama na kuinuka. Chanjo ya kideri, ugonjwa wa kuku, ni tone moja jichoni mwa kuku kila baada ya miezi mitatu. Mwachie yeye akumbuke tarehe.

Jambo moja la kupanga mapema ni nani atalisha mzee akilazwa. Mama mkubwa alipopandwa na presha mwaka jana alikataa kupanda bajaji kwenda hospitali mpaka binti wa jirani, wa darasa la nne, alipopewa ufunguo wa kabati la dagaa na kuonyeshwa jinsi ya kuwalowesha. Alikaa wodini siku tatu. Binti yule hajarudisha ufunguo mpaka leo. Kila akitoka shule hupitia pale, na wanachambua wote wawili.