Kamba na ugwe: kwa nini mwenye duka anakuuliza "ya nini?"

Ingia duka lolote la hadiwea Gikomba ama Kirinyaga Road useme "bosi, uko na kamba?" na hutapewa kitu, utaulizwa swali: "Ya nini?" Jamaa hana madharau, ni vile hapa Nairobi neno kamba limebeba kila kitu, kuanzia ile ya kuvuta gari limekwama matopeni hadi ile ya kufunga mdomo wa kimfuko cha njugu, kwa hivyo ukisema kamba ni kama bado hujasema. Lazima ajue kama unafunga ng'ombe, unaanika nguo, unateka maji kisimani ama unashona gunia. Na Kiswahili kilishajibu nusu ya hilo swali kitambo, kwa kutenganisha kamba na ugwe, sema tu sisi wa bara ugwe tuliuacha kwa kamusi na kwa mitihani ya shule.

Sisi watu wa lugha tunaulizwa hii tofauti kila mara, na jibu la haraka ambalo watu wengi wanapewa ni kwamba ugwe ni kamba nyembamba. Si uongo, hata kamusi zinaelekea huko huko. Shida ni kwamba mtu mjanja atakuuliza sasa wembamba unaanzia wapi, na hapo unabaki unaonyesha kidole. Mimi naona afadhali uangalie kazi. Kamba inakabiliana na nguvu: inavuta, inainua, inazuia mnyama asitoroke, inashusha ndoo. Ugwe nao unafunga vitu vidogo, unashona, unaning'iniza, unanyoosha mstari, unapima. Kamba ikikatika mtu anaumia ama mali inapotea, ugwe ukikatika unatafuta mwingine unaendelea na kazi.

Mfano mzuri uko pale soko la Marikiti, kwa gunia la viazi. Angalia mdomo wake: umeshonwa kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na kinachopita kwa tundu la shazia ni ugwe, wa katani (nyuzi za mkonge) ama siku hizi wa plastiki. Na kama ni lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kichwa, basi juu ya mdomo kuna wavu mzima umesukwa na huo huo ugwe, unapita huku unarudi kule hadi viazi vya juu visimwagike, na kwa kweli ni ufundi japo ni wa kumuumiza mkulima (kanuni za viazi za mwaka wa 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50, lakini tuache hayo). Sasa hilo gunia likipandishwa kwa mkokoteni pamoja na wenzake, ugwe kazi yake imeisha. Hapo inaletwa kamba, inapitishwa chini ya mbao, inavutwa na jamaa mmoja huku mwingine amekanyaga mzigo, inafungwa fundo, na mzigo unateremka barabara ya Haile Selassie ukiwa umetulia. Jaribu kubadilisha hivyo viwili uone. Kamba haitaingia kwa tundu la shazia hata ulie, na ugwe hautafika hata raundabauti ya kwanza.

Kuna mtu atasema, na yuko sawa kuuliza, je kushona si ni kazi ya ugwe siku zote? Hapana. Watu wa pwani walikuwa na chombo kinaitwa mtepe, kilichojulikana sana upande wa Lamu, ambacho mbao zake hazikupigwa misumari bali zilishonwa, na kilichozishona ni kamba za makumbi, yaani nyuzi za maganda ya nazi. Ni kushona, lakini ile kamba inazuia bahari isiingie na mbao zisiachane, mzigo wake si mchezo, kwa hivyo inaitwa kamba. Ndiyo maana nasema kazi inaamua kuliko unene.

Makumbi yenyewe yana safari ndefu kabla yawe kamba. Yanafukiwa ufuoni miezi kadhaa hadi nyama ya ganda ioze, yanafukuliwa, yanapondwa kwa mti, zinabaki nyuzi tupu zinazoitwa usumba, na hizo ndizo zinasokotwa kwa viganja. Huku kwetu bara kazi ni ile ile ila malighafi ni mkonge. Ukimwona mama wa Machakos ama Kitui akitengeneza kiondo anasokota katani kwenye paja, anasukuma mbele, anarudisha nyuma, nyuzi mbili zinajipinda zinakuwa kitu kimoja. Hapo ametengeneza ugwe, hata kama yeye anauita kwa lugha yake. Ujanja uko kwa kupinda. Uzi mmoja wa katani ni mfupi, haufiki hata mita mbili, lakini ukipindwa pamoja na wengine zinabanana, na kadiri unavyovuta ndivyo zinavyozidi kubanana zisichomoke. Halafu ukichukua nyugwe tatu zilizopindwa upande mmoja uzipinde pamoja upande wa pili, kila moja inataka kufunguka lakini zinazuiana, na hiyo sasa ni kamba. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka Mhubiri 4:12, kamba ya nyuzi tatu haikatiki upesi, na huo mstari ukiuangalia vizuri umeeleza ufundi kabisa.

Kwa hivyo ngazi ni hii: uzi, ugwe, kamba. Na meli zina kamba yao kubwa zaidi ya nanga inaitwa amari, lakini hiyo huku Nairobi hatuna pa kuifunga.

Mkonge si mmea wa kwetu, asili yake ni Meksiko, na ulifika Tanganyika mwaka wa 1893 ukiletwa na Mjerumani Richard Hindorf, baadaye ukaingia Kenya, na mpaka leo kuna mashamba makubwa Vipingo na Mwatate. Jina la Kiingereza, sisal, limetoka kwa bandari ya Yucatán, huko Meksiko, ambako katani ilikuwa inapakiwa. Na kuna bandari nyingine iliyotuachia jina, hii imeingia hadi kwa Kiswahili cha dukani: Manila. Kamba ya manila asili yake ilikuwa ya abaka, mmea wa Ufilipino wa ukoo wa migomba, rangi ya kahawia, inavumilia maji ya chumvi. Leo ukiomba manila dukani unapewa plastiki ya buluu ama ya kijani. Jina limebaki, mmea umeenda! Na si kitu kimoja, manake ile plastiki ya bei rahisi inaelea majini na haiozi, lakini jua linaila: ukiianikia nguo nje mwaka mzima, siku moja utaishika ikuachie vijiba vinavyochoma mkononi, na hapo ujue nguvu imeisha hata kama kwa macho bado ni kamba.

Turudi kwa ugwe, kuna kazi yake moja ambayo mimi naipenda kuliko zote. Nenda kwa mjengo wowote Ruaka ama Kitengela uangalie fundi kabla ajenge kozi mpya, yaani safu mpya ya mawe. Anapiga msumari kona hii, anapiga msumari kona ile, anavuta kitu chembamba katikati hadi kinalia ukikigusa, halafu kila jiwe linafuata hapo. Huo ni ugwe. Haubebi chochote, ukilalia jiwe mstari umeharibika. Hata timazi, kile chuma chenye ncha kinachoning'inizwa kuonyesha kama ukuta umesimama wima, kinaning'inia kwa ugwe. Mafundi wengi huuita uzi tu, na sitagombana nao, wanaelewana na ukuta unanyooka.

Hiyo kazi ya kupima ndiyo iliyozaa neno lingine ambalo unalisikia kila wikendi bila kujua ni la ukoo huu. Zamani mtu akipewa kazi ya kulima ama kupalilia shambani, kipande chake kilipimwa kwa ugwe, na kile kipande kikaitwa ngwe. Ukimaliza ngwe yako umemaliza, unaenda kupumzika. Kutoka hapo neno likahamia kwa chochote chenye hatua, ndio maana mtangazaji wa mpira anakwambia mechi imeingia ngwe ya lala salama. Na ukiongeza ki- ya udogo unapata kigwe, ambacho ni kile kiugwe cha kupambia nguo, na kwa wingi vigwe ni zile kamba za kumwongoza farasi, kama unaenda kuangalia mashindano Ngong Racecourse.

Uzi nao usidhani ni mnyonge. Ndiye aliyeingia hadi kwa sayansi, pembe mraba ina nyuzi 90, na mtabiri wa hali ya hewa anasoma nyuzijoto 24. Kamba haikupata hiyo nafasi, yenyewe ikaenda kwa methali. Mbuzi hula urefu wa kamba yake, hakuna atakayekwambia urefu wa ugwe wake, manake mbuzi wa soko la Kiamaiko akifungwa ugwe utamtafuta hadi mtaa wa Huruma.

Wasemaji wa Kikuyu hii tofauti wanayo tayari nyumbani, mũkanda ni kamba na rũrigi uko upande wa ugwe na uzi. Ila hapo kuna mtego, kwa Kiswahili mkanda ni ule wa kufunga suruali kiunoni, ambao Wakenya wengi tunauita pia mshipi, na ukifika Lamu useme mshipi mvuvi anafikiria ule wa kuvulia samaki. Na kwa vile tumefika pwani, kamba pia ni mnyama wa baharini mwenye magamba na ndevu ndefu, mtamu sana, bei yake usiulize.

Kwa sarufi, ugwe uko pamoja na uzi na ukuta: ugwe huu umekatika, nyugwe hizi zimekatika. Kamba haibadiliki, kamba hii imekatika, kamba hizi zimekatika, kwa hivyo ukisikia mtu anasema "makamba" mwambie pole pole.

Ukienda dukani basi, si lazima useme ugwe, muuzaji anaweza kukuangalia vibaya. Lakini sema kazi na unene kwa milimita. Na kama ni kamba ya kisima ama ya kupandisha mtu juu ya paa, usikubali ile nyembamba ukaambiwa utaikunja mara mbili, tena usiunge vipande viwili kwa fundo, fundo lenyewe linapunguza nguvu ya kamba sana, na ikikatika itakatikia hapo kando ya fundo.