Je, wajua kwa nini mashabiki wa futiboli ya Kimarekani hunyamaza timu yao ikishika mpira?

Mtu aliyekulia kwenye soka akiingia uwanja wa futiboli ya Kimarekani kwa mara ya kwanza atadhani wenyeji wamechanganyikiwa. Timu yao ikishika mpira, jukwaa linatulia, na anayejisahau akapayuka anaonyeshwa ishara ya kufunga mdomo. Mpira ukienda kwa wageni, hapo ndipo watu wanasimama, wanapiga mabenchi kwa miguu na kupiga mayowe mpaka sauti zinakauka. Sisi tuliozoea kumsukuma straika wetu kwa ngoma na vuvuzela tunaona mambo yamepinduliwa.

Sababu iko katika namna mchezo unavyoanza. Soka hutiririka, futiboli hii huenda kwa vipande. Timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na kila jaribio huanza safu ya mbele ikiwa tuli kama sanamu, mpaka senta aliyeinama katikati yao aurudishe mpira kupitia katikati ya miguu yake kwa kwotabeki, yaani kiongozi wa mashambulizi. Mpira utarudi lini? Hiyo ni siri ya nyumba. Kwotabeki anaita maneno na namba kwa sauti, na wenzake walishakubaliana kwamba, tuseme, wataondoka kwenye neno la pili. Walinzi hawajui. Hiyo nafasi isiyofika hata sekunde moja ndiyo mtaji wa watu wa mbele, ambao kazi yao ni kuzuia mapande ya watu yasimwangukie kwotabeki.

Sasa mwaga kelele za watu laki moja juu ya hayo maneno. Hayasikiki. Mchezaji wa safu ya mbele akishtuka kabla ya mpira kurudi, timu inarudishwa nyuma yadi tano, na uwanja unashangilia kana kwamba wamefunga. Ili kukwepa balaa hilo wageni hutumia hesabu ya kimya: kwotabeki ananyanyua mguu, jirani wa senta anamgusa, senta anatikisa kichwa, mpira unarudi. Njia hiyo inafaa, ila ina gharama. Yule wa pembeni kabisa ya safu inabidi autazame mpira badala ya kumtazama adui aliye mbele yake, na anaondoka sawa naye au nyuma yake. Mtaji umeliwa.

Kwa miaka mingi wapanga bei za kamari walimwongezea mwenyeji alama tatu hivi kabla hata ya kuuliza nani ni bora. Mwaka 2020, viwanja vya ligi ya kulipwa ya NFL vilipokuwa vitupu au na watu wachache kwa sababu ya UVIKO-19, wenyeji walishinda mechi 127, wakapoteza 128 na kutoka sare moja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wenyeji wa ligi hiyo kumaliza msimu wakiwa na hasara.

Na kwenye vyuo vikuu ndiko kelele ziliko hasa, maana viwanja vikubwa zaidi vya mchezo huu ni vya wanafunzi, si vya ligi ya kulipwa. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, unabeba watu zaidi ya 107,000. Vyuo vyenye jina hulipa hata vyuo vidogo vije kupigwa nyumbani kwao, na mgeni anaondoka na hundi. Septemba 1, 2007, Michigan waliokuwa wa tano kwa ubora nchini waliwaita Appalachian State kwa dola 400,000. Wageni wakachukua hela, wakachukua na mechi: 34-32. Wamarekani bado wanaisimulia.

Mimi hunivutia zaidi mechi ya wiki iliyofuata. Septemba 8, timu ya Chuo Kikuu cha Oregon ilisafiri zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Eugene, upande wa Pasifiki, kurudisha ziara ambayo Michigan walikuwa wameifanya kwao mwaka 2003. Uwanjani kulikuwa na watu zaidi ya 109,000, wote wakitaka mtu wa kumlipizia aibu ya Jumamosi iliyopita. Michigan walitangulia 7-3. Baada ya hapo hawakupata tena hata alama moja. Mapumziko yalifika 32-7, na mwisho ukawa 39-7. Michigan hawakuwa wamepoteza kwa pengo kubwa namna hiyo tangu mwaka 1968.

Kwotabeki wa Oregon alikuwa Dennis Dixon, na mratibu wao wa mashambulizi alikuwa Chip Kelly, aliyewasili mwaka huohuo kutoka Chuo Kikuu cha New Hampshire. Walichokileta ni mchezo unaotegemea macho kuliko masikio. Mlinzi mmoja wa pembeni wanamwacha makusudi, hakuna anayemzuia. Mpira ukirudi, Dixon anausogeza kwenye tumbo la mkimbiaji wake huku akimkodolea macho yule mlinzi aliyeachwa. Akimfuata mkimbiaji, Dixon anauvuta mpira na kutimka nao mwenyewe. Akimngoja Dixon, mkimbiaji anaondoka nao. Mlinzi akichagua hivi, amekosea. Akichagua vile, amekosea. Na uamuzi huo wote unafanyika baada ya mpira kuondoka, wakati ambapo kelele hazina tena cha kuharibu.

Siku hiyo Dixon alirusha mpira kwa jumla ya yadi 292 na tachidauni tatu, yaani kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa kufungia, moja ikiwa ya yadi 85. Kwa miguu akaongeza yadi 76 na tachidauni nyingine. Hiyo ya miguu ndiyo watu hawaisahau. Upo ujanja wa zamani unaoitwa Sanamu ya Uhuru: kwotabeki ananyanyua mkono kama anayetaka kurusha, mfano wa yule mama wa New York na mwenge wake, kumbe mkono wa pili unapitisha mpira nyuma ya mgongo kwa mkimbiaji. Oregon waliutumia kwanza kama ulivyo. Waliporudi tena karibu na mstari wa kufungia, Dixon akajifanya anapitisha nyuma ya mgongo, mkimbiaji Jonathan Stewart akaondoka mikono mitupu, walinzi wakamfukuza, na Dixon akaingia na mpira upande wa pili kama mtu anayekwenda dukani. Kuwadanganya watu kwa uongo uleule mara mbili, tena nyumbani kwao!

Haki isemwe pia: Chad Henne, kwotabeki wa Michigan, aliumia na kipindi cha pili kikachezwa na kijana wa mwaka wa kwanza, Ryan Mallett. Na uwanja wenyewe, kwa ukubwa wake wote, ulikuwa bakuli pana lililochimbwa ardhini, lisilo na kuta ndefu, kwa hiyo sauti nyingi zilipaa zikaenda zake. Majengo marefu ya pembeni, yanayoirudisha sauti chini, yalikamilika mwaka 2010.

Mwaka 2024 vyuo vya daraja la juu viliruhusiwa kuweka redio ndani ya kofia ngumu ya mchezaji mmoja, ili kocha amnong'oneze mpango moja kwa moja. Ungedhani kelele zimekomeshwa. Lakini redio hiyo inakatwa saa inayohesabu muda wa kuanza kila jaribio inapobakiza sekunde 15, na kwotabeki akishapokea maneno ya kocha bado inabidi awapelekee wenzake kumi wasio na redio. Sekunde hizo ndizo jukwaa zima linazozisubiri.