Je, wajua kwa nini Vitz kuukuu hulipa ushuru ambao V8 mpya hailipi?

Ukiagiza gari Japani likashuka bandarini Dar es Salaam, Mamlaka ya Mapato (TRA) hutazama mwaka lilipotengenezwa. Gari la kutembelea la umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa 15%; likizidi 10, 30%. Mtaani tunauita uchakavu. Hoja yake ni mazingira: injini iliyochoka hutoa moshi mchafu.

Sasa weka magari mawili kando kwa kando. Vitz ya cc 996 yenye miaka 12 haitozwi ushuru wa ukubwa wa injini, lakini uchakavu inalipa 30%. Land Cruiser V8 mpya inalipa 10% ya injini, uchakavu sifuri. Kwa shilingi, mwenye V8 ametoa nyingi zaidi, hilo tusimnyime. Ila barabarani gari lake linakunywa mafuta mara mbili ya Vitz, na zaidi. Mwalimu aliyedunduliza miaka minne anaadhibiwa kwa kushindwa kununua gari jipya, wakati hewa ukaa hufuata lita zinazochomwa, si umri wa bodi.

Tena uchakavu hulipwa mara moja tu. Gari likishatoka bandarini, fundi akang'oa masega ya ekzosi yanayosafisha moshi akayauza, ushuru ule haujui.

Basi kodi iwekwe kwenye mafuta, anayeendesha sana alipe sana? Tanzania ilifanya jambo la karibu na hilo mwaka 2017: ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, ikaongeza Sh 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Lengo halikuwa moshi, lakini somo limo humo. Gari lililokuwa limeegeshwa uani likapumua, na mwenye V8 akawa anachangia kila akijaza tangi.

Ufaransa njia hiyo ilizua moto. Mwishoni mwa 2018 watu wa vijijini na miji midogo, ambako basi ni la kuhesabu na bila gari huendi kazini, waliingia barabarani wamevaa vizibao vya njano. Mwezi Desemba serikali ikaachana na nyongeza ya kodi ya mafuta iliyopangwa kuanza Januari 2019.

Kwetu maskini hana hata hiyo Vitz. Yeye yumo ndani ya daladala, na mafuta yakipanda humfikia kupitia nauli, au bei ya nyanya zilizosafirishwa kwa Fuso. Na yale mafuta ya taa? Hutozwa kodi kubwa ili wafanyabiashara wasiyachanganye na dizeli. Hoja ina mashiko. Lakini mwaka ule wa 2017 bibi mwenye kibatari, ambaye mahindi yake husagwa kwa mashine ya dizeli, alianza kuchangia leseni ya gari ambalo hajawahi hata kulipanda.